"Na wengine tisa": majina ya waliokufa yaandikwe kabla ya mnara kujengwa

Mpenda Kumbukumbu (mwanzisha uzi), Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Katika mji wa Arlington, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ndani ya makaburi ya kale ya mji huo, imesimama nguzo ya itale iliyojengwa na wakaazi wenyewe mwaka 1848, wakati mji ukiitwa West Cambridge. Chini yake limo kaburi moja la watu kumi na wawili waliouawa na wanajeshi wa Uingereza tarehe 19 Aprili 1775, siku ya kwanza ya vita vya mapinduzi vilivyoitoa Marekani mikononi mwa mfalme wa Uingereza. Maandishi yaliyochongwa yanawataja watatu kwa majina yao, Jason Russell, Jason Winship na Jabez Wyman, kisha yanasema kuwa wapo na wengine tisa. Uzi huu nimeuanzisha kwa ajili ya hao tisa.

Kwa asiyekifahamu kisa chenyewe, nitakieleza kwa ufupi. Usiku wa kuamkia siku hiyo wanajeshi wapatao 700 walitoka Boston kwenda Concord kukamata silaha ambazo wananchi walikuwa wamezihifadhi huko. Alfajiri walifika Lexington, mji wa wakulima wenye watu takriban 750, wakawakuta kiwanjani wanaume kiasi cha 77 chini ya Kapteni John Parker. Risasi zikapigwa, na watu wanane wa upande wa wananchi wakafa. Wanajeshi wakaendelea hadi Concord, wakapambana na wananchi kwenye daraja la kaskazini, na waliporudi Boston walishambuliwa njia nzima. Mapigano makali kuliko yote yalitokea katika kitongoji cha Menotomy, ambacho ndicho Arlington ya leo. Jason Russell, mtu mzima wa miaka 58 na mwenye kuchechemea, alikataa kuihama nyumba yake, akauawa mlangoni pake, na wengine waliokimbilia ndani wakauawa humo. Siku ilipokwisha, wananchi 49 na wanajeshi 73 wa Uingereza walikuwa wamekufa.

Maiti wa Menotomy walizikwa pamoja katika kaburi moja. Nguzo iliposimamishwa juu yao ilikuwa imepita miaka 73, na mtoto aliyezaliwa siku ya mapigano alikuwa ameshakuwa mzee wa miaka 73, ikiwa Mungu alimpa uhai. Watu wa nchi ile walikuwa na madaftari ya kanisa, makarani wa mji na wazee waliojua kusoma na kuandika, lakini hata hivyo jiwe likaishia kwenye hesabu. Lexington walifanya upesi zaidi. Nguzo yao ilisimamishwa mwaka 1799, miaka 24 baada ya tukio, kwa gharama ya serikali ya jimbo lakini kwa mikono ya wakaazi, na maneno yake yaliandikwa na Jonas Clarke, mchungaji wa mji huo, ambaye aliwajua wale wanane wakiwa hai na ndiye aliyewaombea walipokufa. Majina yote manane yamo, na huo ndio mnara wa kumbukumbu ya vita ulio mkongwe kuliko yote nchini Marekani.

Sasa nije kwetu. Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 yana kumbukumbu za kitaifa ambazo kila mmoja wetu anazijua: sherehe za kila mwaka, Mnara wa Michenzani uliojengwa kuadhimisha miaka 50 mwaka 2014, na kaburi la Marehemu Mzee Abeid Amani Karume pale Kisiwandui. Hizo ni za taifa zima na sina neno juu yake. Ninalolizungumzia ni jambo la ngazi ya chini, yaani mtaa, kijiji na mji mdogo. Yupo nani katika shehia yako aliyetoka usiku ule kwenda kwenye kambi za polisi za Ziwani au Mtoni na hakurudi? Yupo nani aliyekufa siku zilizofuata, shambani au njiani, bila ya kushika silaha yoyote? Majibu ya masuala hayo yamo vifuani mwa wazee wachache. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 alizaliwa 1944 na leo amepindukia miaka 80. Kila msiba tunaouhudhuria unatupunguzia mashahidi.

Pendekezo langu ni kwamba kila shehia yenye kumbukumbu ya aina hii ianze na daftari, na mnara uje baadaye au usije kabisa. Mnara unaweza kujengwa wakati wowote, kwa sababu mawe na saruji havitakosekana. Jina likishapotea, hakuna bajeti itakayolirudisha. Mara nyingi tunaufuata mpangilio uliopinduka: tunaanza na ramani ya mnara, mchango, mgeni rasmi na kitambaa cha kufunulia, na suala la nani hasa tunamkumbuka linaletwa mwisho, wakati fundi anauliza aandike nini. Naona huo ni udhaifu mkubwa, na ningependa tuujadili kwa utulivu.

Mwana wa Wete, Pemba

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nimekusoma kwa makini, na ninakubaliana nawe kuhusu wazee. Hata hivyo, mfano wako una tofauti moja kubwa ambayo lazima tuitazame usoni. Wale watu wa Lexington na Menotomy waliuawa na jeshi la mfalme aliyekaa ng'ambo ya bahari. Sisi tunazungumzia mwaka ambao jirani alisimama dhidi ya jirani, na katika nyumba nyingine ndugu walitofautiana. Uchaguzi wa Julai 1963 ulikuwa umeshatugawa vibaya: ASP, yaani chama cha Afro-Shirazi, ilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, na waliounda serikali walikuwa wapinzani wake, vyama vya ZNP na ZPPP. Uhuru wa tarehe 10 Disemba 1963 ulipokuja, wako waliousherehekea na wako waliouona si wao, na mwezi mmoja baadaye yakatokea yaliyotokea. Nasi Pemba, ambako mapigano ya usiku ule hayakufika, tuna kumbukumbu zetu za miezi na miaka iliyofuata, na hazifanani na za Ng'ambo ya Unguja.

Kwa hiyo nakuuliza waziwazi: daftari hilo litaandika majina ya nani? Likiandika ya upande mmoja, litakuwa karatasi ya chama. Likiandika ya pande zote, je, watu watalistahamilia? Nimeshaona orodha zikitumika katika nchi hii kwa makusudi yasiyokuwa mema, na mzee mwenye busara akisikia neno "orodha" huinuka barazani akaenda zake.

Mpenda Kumbukumbu

Ndugu yangu wa Wete, suala lako ndilo kiini cha jambo lenyewe, na nakushukuru kwa kulileta mapema.

Kwanza, hata vita vya Wamarekani vilikuwa vya majirani kuliko hadithi ya sherehe inavyokubali. Walikuwepo maelfu kwa maelfu waliobaki na utii kwa mfalme, na vita vilipokwisha makumi ya maelfu kati yao waliihama nchi, wengi wakaenda Kanada wakiacha mashamba na nyumba zao. Miji midogo ya Massachusetts haikuwajengea nguzo watu hao, na mimi naona hilo ni pengo katika kumbukumbu zao. Hatulazimiki kuliiga.

Pili, hata wao wana mifano miwili inayotusaidia. Ukifika Concord, karibu na daraja, kuna kaburi la wanajeshi wa Uingereza waliouawa pale, na limewekewa jiwe la kueleza kuwa hao ni maadui waliotoka mbali wakafia hapo. Halikufichwa wala halikutupwa pembeni, liko palepale penye kumbukumbu za washindi. Mfano wa pili ni wa Asahel Porter, ambaye ni miongoni mwa wale wanane wa nguzo ya Lexington. Mtu huyu hakuwa wa Lexington, alikuwa wa Woburn, na hakuwa katika safu ya Kapteni Parker. Wanajeshi walimkamata njiani kabla ya alfajiri, wakaenda naye kama mateka, na risasi zilipoanza alijaribu kuondoka, akapigwa akafa. Watu wa Lexington hawakusema kwamba huyu hakupigana au kwamba huyu si wa kwetu. Waliliandika jina lake pamoja na mji aliotoka.

Mimi ningependa daftari letu lifuate njia hiyohiyo: jina la marehemu, jina la baba yake, mahali alipoishi, mahali alipofia na tarehe. Lisiandikwe nani alimuua wala alikuwa chama gani. Anayetaka kuandika historia ya sababu na lawama ataiandika kwenye kitabu chake na atajibiwa na wenzake. Jiwe la mtaani halina nafasi ya kujibizana, na kwa hiyo lisipewe maneno yanayohitaji kujibiwa.

Ustadh wa Mtaani, Mji Mkongwe

Assalaam alaykum. Nina mambo mawili, na nitayasema kwa heshima.

La kwanza ni kwamba yapo mambo katika mifano hii ambayo sisi hatuwezi kuyachukua. Nimesoma kwamba watu wa Lexington mwaka 1835 waliifukua mifupa ya wale wanane kutoka makaburini na kuizika upya nyuma ya nguzo yao. Kwetu sisi maiti haondolewi kaburini mwake kwa ajili ya kupendezesha kiwanja. Nimesoma pia kwamba mwaka 1900 waliongeza sanamu ya mtu mwenye bunduki. Sanamu ya mtu katikati ya mji wa Waislamu itazua mzozo, na mzozo huo utawafunika hao tunaotaka kuwakumbuka. Kujenga juu ya kaburi nako kuna maneno yake kwa wanavyuoni. Tuyaweke wazi haya mapema ili yasije yakatugawa baadaye.

La pili ni kwamba pendekezo la daftari, kama lilivyoelezwa hapa, halipingani na mila zetu hata kidogo. Kila mwaka tarehe 7 Aprili, siku aliyouawa Mzee Karume mwaka 1972, watu hukusanyika Kisiwandui kumsomea khitma. Hivyo ndivyo sisi tunavyokumbuka: kwa kusoma na kuomba dua. Anayetaka kumwombea maiti humtaja kwa jina lake na la aliyemzaa. Mtaa ukiwa na daftari la majina, maskiti ya mtaa inaweza kuwasomea wote kwa pamoja kila mwaka, watoto wakasikia majina yakitajwa mmoja baada ya mwengine, na hapo hata jiwe likichelewa miaka ishirini hakuna kilichoharibika. Ningeliomba mwanzisha uzi alitie hili katika pendekezo lake.

Mwalimu wa Skuli, Chake Chake

Nawasalimu nyote. Nafundisha historia, na ningependa kuongeza jambo la mahali, kwa sababu hadi sasa tumezungumzia majina tu.

Concord walipojenga nguzo yao mwaka 1836 walikutana na tatizo la ajabu. Daraja la kale lilikwishaondolewa tangu mwaka 1793, baada ya barabara kuhamishwa, na kwa hiyo upande uliokuwa rahisi kufikika ulikuwa ule waliosimama wanajeshi wa Uingereza. Nguzo ikawekwa huko. Maana yake ni kwamba kumbukumbu ya waliopigania uhuru ilisimama mahali alipopiga foleni adui, na mahali walipoanguka watu wao wenyewe palikuwa malisho matupu ng'ambo ya mto. Mkaazi mmoja, Ebenezer Hubbard, hakuridhika na jambo hilo maisha yake yote. Alipofariki mwaka 1870, wasia wake ulikutwa umeacha dola 1,000 kwa ajili ya kumbukumbu itakayowekwa upande wa pili, pamoja na fedha za kusaidia kulirudisha daraja. Ndipo tarehe 19 Aprili 1875, siku ya kutimia miaka 100, ikazinduliwa sanamu iliyotengenezwa na Daniel Chester French, ikasimama pale walipoanguka Isaac Davis na Abner Hosmer, ambao wote wawili walikuwa watu wa mji jirani wa Acton. Nakubaliana na Ustadh kuhusu sanamu. Ninachokitaka katika kisa hiki ni ule ung'ang'anizi wa mtu mmoja juu ya mahali sahihi.

Acton nao hawakukubali watu wao wabaki katika kumbukumbu ya Concord peke yake. Mwaka 1851 walisimamisha nguzo yao wenyewe katikati ya mji. Danvers, ambao watu wao saba waliuawa siku ileile mbali na kwao, walikwishaweka yao mwaka 1835. Siku moja ya mapigano imezaa nguzo katika miji mingi, na kila mji umeandika watu wake. Hilo kwangu ni jambo zuri kuliko mnara mmoja mrefu, kwa sababu mtoto wa Acton anayasoma majina ya koo anazozijua darasani mwake.

Kuhusu namna ya kukusanya, wale watu walikuwa na bahati kwamba ndani ya siku chache tu baada ya tarehe 19 Aprili 1775, baraza lao la jimbo lilichukua maelezo ya viapo kutoka kwa walioshuhudia. Halafu miaka hamsini baadaye, Lexington na Concord walipoanza kugombana kuhusu ni wapi upinzani wa kweli ulianzia, wazee waliosalia waliitwa tena kutoa maelezo kwa kiapo. Kwetu wanafunzi wa sekondari wanaweza kuifanya kazi hii wakisimamiwa na walimu wao, kila mmoja akianza na mzee wa nyumbani kwao. Sharti langu ni kwamba mzee arikodiwe sauti kwa ridhaa yake, na maelezo yaandikwe kama alivyoyasema, kwa lahaja yake, bila ya mwalimu kuyanyoosha.

Bint Kiembesamaki, Unguja

Nimefuatilia mjadala huu tangu mwanzo na nimefurahi kwamba unaendeshwa kwa adabu. Naomba nielekeze macho yenu kwenye tukio ambalo halina ugomvi kama wa 1964, na ambalo watu wengi wa rika langu hawalijui hata kwa jina. Mwaka 1951 wakulima wa Kiembesamaki, ambao walikuwa na uchungu wa ardhi yao kuchukuliwa kwa ajili ya kiwanja cha ndege, waliikataa amri ya serikali ya kikoloni ya kuchanja ng'ombe wao dhidi ya kimeta. Wakakamatwa, wakashitakiwa, wakahukumiwa kifungo. Watu walikusanyika ili wawatoe, polisi wakafyatua risasi na roho zikapotea. Wazee wanaliita tukio hilo Vita vya Ng'ombe. Wanahistoria wengi wanalihesabu miongoni mwa dalili za mwanzo za wakulima wa Unguja kusimama dhidi ya utawala wa Kiingereza, miaka kumi na mitatu kabla ya Mapinduzi.

Leo anayetoka kiwanja cha ndege kuelekea mjini anapita ndani ya historia hiyo bila ya kuonyeshwa chochote. Kama kuna mji mdogo au kijiji kinachostahiki kuanza na daftari la majina, basi ni hiki. Waliouawa walikuwa na upande mmoja wa kuwaua, yaani dola ya kikoloni, na hakuna familia itakayoona imeandikwa kwa shari.

Jambo langu jengine ni la wanawake, na watu wa chini kwa jumla. Orodha za namna hii huandikwa na wanaume wakiwakumbuka wanaume wenzao. Katika kiwanja cha Lexington alikuwemo Prince Estabrook, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, ambaye alisimama katika safu pamoja na waungwana na akajeruhiwa asubuhi ile. Jiwe lake, lililowekwa mbele ya nyumba ya Buckman inayokitazama kiwanja, lilikuja mwaka 2008, yaani miaka 233 baadaye. Visiwa vyetu vinajua utumwa ni nini, kwa hiyo sihitaji kulirefusha hilo. Nasema tu kwamba katika daftari letu waulizwe bibi zetu pia, kwa sababu wao ndio waliowaosha marehemu wa kike, ndio waliokaa eda, na ndio wanaojua nani alibaki mjane kwa tukio gani.

Fundi Mawe, Unguja Kusini

Mimi ni mtu wa kazi ya mawe na chokaa, na nitachangia upande wangu. Kuna wanaodhani kuandika juu ya jiwe ni desturi tuliyoletewa na Wazungu. Nendeni Kizimkazi Dimbani mkaitazame maskiti ya kale. Kwenye kibla chake pana maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye tumbawe, yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladia. Ni zaidi ya miaka mia tisa sasa, na tarehe bado inasomeka. Watu wa pwani hii walichonga tumbawe laini likiwa bichi, wakaliacha likauke na kugeuka gumu, na ujuzi huo ulifanya kazi hadi leo kwa sababu maandishi yamewekwa ndani, yamekingwa yasifikiwe na mvua na chumvi.

Ninachokiona siku hizi ni kibao chembamba cha marumaru kilichogandishwa kwa saruji juu ya ukuta unaoelekea bahari. Upepo wa kusi una chumvi, chuma cha kushikilia kinakula kutu na kuvimba, kibao kinapasuka, na rangi iliyotiwa ndani ya herufi inafutika kwa jua. Anayetaka jina lidumu alichonge ndani kwa kina cha kutosha, asitegemee rangi, asitumie chuma cha kawaida, na kibao akiweke chini ya paa au ndani ya kibaraza ambacho watu wanakaa. Kibaraza kinachokaliwa kila jioni hufagiliwa, na kinachofagiliwa hakiharibiki bila ya mtu kujua. Tena gharama yake ni ndogo sana kuliko mnara.

Na jengine ambalo mafundi hulijua: iachwe nafasi tupu chini ya jina la mwisho. Jina likijitokeza baada ya miaka mitano, mtatiwa katika mtihani mkubwa ikiwa jiwe limejaa.

Mpenda Kumbukumbu

Nimejifunza mengi, na pendekezo langu sasa limekuwa bora kuliko nilivyoanza nalo.

Naukubali ushauri wa kuanza na Kiembesamaki ya 1951. Sababu aliyoitoa Bi ni ya haki, na naongeza nyengine ya wakati: aliyekuwa mtoto wa miaka kumi mwaka ule leo ameshapita 80, na wakubwa waliokuwemo hasa katika umati wamebaki wachache mno. Mtu mmoja mwenye kuheshimika katika mtaa, akiwa na ridhaa ya sheha, aende kwa familia moja moja. Jina liingie daftarini likiwa na watu wawili waliolithibitisha, ambao hawakukaa pamoja walipoulizwa. Penye hitilafu ya tarehe au mahali, maelezo yote mawili yaandikwe. Kwa upande wa maandishi ya serikali ya kikoloni, Nyaraka za Taifa pale Kilimani ndipo pa kuanzia, na kesi iliyofika mahakamani lazima iliacha karatasi nyuma yake. Karatasi hizo zilinganishwe na maneno ya wazee, na pasiwe na kimoja kinachopewa ushindi kwa sababu tu kimepigwa chapa.

Daftari likikamilika liwe na nakala tatu: ya sheha, ya maskiti kwa ajili ya khitma aliyoitaja Ustadh, na ya Nyaraka. Sauti alizozipendekeza Mwalimu nazo zihifadhiwe huko. Jiwe lije baada ya hapo, likiwa kibaraza kama alivyoshauri Fundi, lenye majina bila ya sifa wala lawama, na lenye nafasi tupu chini yake.

Kuhusu 1964 sijaliacha pendekezo langu. Nasema tu kwamba mtaa uliokwishaifanya kazi ya mwaka 1951 kwa uaminifu utakuwa na watu waliozoea kuuliza na kuulizwa, na ndugu yetu wa Wete atakuwa na kitu cha kuwaonyesha wazee wake wa barazani.

Mwana wa Wete, Pemba

Kwa 1951 sina pingamizi, na Mungu awape nguvu watakaoianza kazi hiyo.

Kwa 1964 nitaliunga mkono daftari kwa masharti mawili. La kwanza, kabla ya jina lolote kuonyeshwa nje ya familia, familia yenyewe isomewe kilichoandikwa, na ikisema hapana, jina hilo lifungwe katika bahasha na libaki Nyaraka hadi kizazi kijacho kiamue. Kuna watu walionyamaza miaka yote hii kwa sababu kunyamaza ndiko kulikowalindia watoto wao, na hatuna haki ya kuwanyang'anya ulinzi huo kwa jina la historia. La pili, Pemba iwe na daftari lake, likusanywe na Wapemba, na lisianzie wala kuishia tarehe 12 Januari, kwa sababu yaliyotukuta sisi hayakuanzia usiku huo.

Mkikubaliana na hayo mawili, nitakwenda kwa mzee mmoja wa hapa Wete ambaye najua anaweza kutaja majina ya mtaa wake wote, nimuulize kama yuko tayari kuzungumza.